Mahubiri ya Ndugu Laurence: Upendo, Majaliwa na Uadui wa Koo katika "Romeo na Juliet"

Tanzia ya William Shakespeare iitwayo "Romeo na Juliet" yajulikana hata kwa watu wasiowahi kuifungua. Katika semina za vijana na katika mafundisho ya wachumba huletwa mbele ya wasikilizaji kwa namna mbili. Wako wanaoitumia kama onyo kwa watoto wanaojichagulia wenzi bila kuwauliza wazazi. Wako pia wanaoitaja kama kisa cha wapenzi ambao mwisho wao ulikuwa umekwisha kuandikwa, hivyo hapana mtu wa kulaumiwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba namna zote mbili zinampita kando mtu ambaye sisi tulio katika utumishi wa Neno tungepaswa kumtazama kabla ya wengine wote. Huyo ni mtumishi wa Kanisa aliyemo ndani ya mchezo wenyewe, mtawa wa shirika la Mtakatifu Fransisko aitwaye Ndugu Laurence.

Kwa faida ya wasioujua mchezo, tuseme kwa kifupi. Koo mbili za mji wa Verona, Montague na Capulet, zina uadui wa siku nyingi ambao chanzo chake hakitajwi popote. Romeo ni wa ukoo wa kwanza, Juliet wa ukoo wa pili. Wanakutana katika karamu Jumapili usiku, Ndugu Laurence anawafungisha ndoa kwa siri Jumatatu, na muda mfupi baadaye Romeo anamuua Tybalt, binamu yake Juliet, ambaye alikuwa amemuua Mercutio, rafiki yake Romeo. Romeo anafukuzwa mjini, anakwenda Mantua. Baba yake Juliet, asiyejua habari ya ndoa ile, anamlazimisha binti aolewe na kijana mwenye cheo aitwaye Paris. Ndugu Laurence anampa Juliet dawa itakayomfanya aonekane mfu kwa saa 42, ili azikwe katika kaburi la ukoo na Romeo aje kumchukua. Barua ya kumweleza Romeo mpango huo haifiki. Romeo anasikia tu kwamba mkewe amekufa. Anarudi, anamuua Paris mlangoni pa kaburi, anakunywa sumu. Juliet anaamka, anamwona, anajichoma kisu. Yote hayo yanatukia ndani ya juma moja tu. Katika utenzi wa Arthur Brooke wa mwaka 1562, ambao Shakespeare aliutegemea zaidi, kisa hicho kilichukua miezi, na Juliet alikuwa na umri wa miaka 16. Shakespeare amekibana, na Juliet wake hajatimiza hata miaka 14. Wala tusiharakishe kuuona umri huo kuwa ajabu ya Ulaya ya kale. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa idhini ya wazazi. Ni mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kuwa ruhusa hiyo yapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Mchezo unafunguliwa kwa shairi fupi la utangulizi linaloarifu mapema kwamba nyota zinawapinga wapenzi hawa na kwamba watakufa. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa jambo hilo, kwa maana wako watu wanaopeleka majina ya wachumba kwa mwenye elimu ya falaki ili aseme kama nyota zao zinapatana. Hata lugha yetu yenyewe imeyachanganya mambo haya. Neno "ajali", ambalo kwa asili ni saa ya kufa aliyowekewa mtu, ndilo tunalolitumia kwa basi lililopinduka kwa sababu dereva alikuwa amelewa. Na tukiisha kusema kwamba ajali haina kinga, dereva hatajwi tena.

Lakini yafaa ieleweke kwamba sauti ya utangulizi ni sauti moja tu kati ya nyingi. Katika chapa kubwa ya 1623 shairi hilo halimo kabisa. Na Romeo mwenyewe, apatapo habari ya kifo cha mkewe, hatii nyota: katika chapa ya 1597 anazipinga, katika ile ya 1599 anazikana. Waliomsoma Shakespeare kwa Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, katika "Juliasi Kaizari" ya 1969, watakumbuka kwamba huko Cassius anamtaka Brutus asizitupie nyota lawama ya unyonge wao. Kweli Cassius anasema hivyo kwa hila. Hata hivyo twaona kwamba mwandishi huyu hakuwa mtu wa kuyaachia mambo mikononi mwa nyota bila kuuliza. Wala huko Wittenberg hapakuwa na kauli moja. Melanchthon aliithamini elimu ya nyota, naye Luther alimfanyia mzaha kwa ajili yake.

Tuliangalie basi tukio ambalo karibu kila mtu hulitaja kuwa ni kazi ya nyota, yaani barua isiyofika. Ndugu Laurence anamkabidhi barua mtawa mwenzake, Ndugu John. Huyu, akitaka mwenzi wa safari kama ilivyokuwa desturi ya shirika lao, anakwenda kumtafuta mtawa mwingine aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa. Wakaguzi wa mji wanaishuku nyumba ile kuwa na tauni, wanafunga milango, na Ndugu John hatoki. Kwa sababu ya hofu ya kuambukizwa hapatikani hata mtu wa kuirudisha barua kwa aliyeiandika. Watazamaji wa kwanza wa mchezo huu walikuwa wametoka katika tauni iliyofunga majumba ya michezo ya London tangu 1592 hadi 1594, kwa hiyo walijua vema nyumba iliyofungwa kwa nje ni nini. Hapa tunakiri kwamba ipo bahati mbaya ya kweli, tena inayouma zaidi kwa kuwa ilitokea katika njia ya huruma: mtawa yule alikuwa kwa wagonjwa.

Hata hivyo hatuna budi kuuliza kwa nini maisha ya watu wawili yalining'inia kwenye barua moja. Romeo alipokuwa akiondoka, Ndugu Laurence alimwahidi kwamba atampelekea habari kwa mkono wa mtumishi wake Romeo mwenyewe. Ahadi hiyo haikutimizwa. Ndugu John hakuambiwa uzito wa alichokibeba. Naye Balthasar, yule mtumishi, hakuambiwa lolote. Akayaona mazishi kwa macho yake kama watu wote wa Verona, akapanda farasi akaenda Mantua kumwarifu bwana wake. Mara mbili Romeo anamwuliza kama ameleta barua kutoka kwa mtawa. Hakuna. Tauni ilifunga mlango mmoja. Siri ilikuwa imekwisha kuifunga mingine. Tena liko jambo ambalo wasomaji hulipita haraka. Ili mpango ufaulu, Juliet anatakiwa arudi nyumbani ajifanye amekubali kuolewa na Paris. Anafanya hivyo, anapiga magoti mbele ya baba yake na kuomba msamaha, na mzee kwa furaha anaivuta harusi mbele kutoka Alhamisi hadi Jumatano. Hivyo uongo uliotungwa ili kupata muda ukaupunguza muda wenyewe kwa siku nzima.

Ndugu Laurence si mtu mbaya. Tunalisema hili mapema kwa sababu tutakayoyasema baadaye ni mazito. Romeo anapomjia asubuhi ile akiomba ndoa siku hiyohiyo, mtawa anamkemea kwa wepesi wa moyo wake, kwa kuwa jana tu alikuwa akimlilia binti mwingine. Kisha anakubali, na anaeleza sababu: huenda ndoa hii ikaugeuza uadui wa nyumba hizi mbili kuwa upendo. Nani kati yetu asingetamani hivyo? Lakini hatumwoni akienda kwa mzee Montague wala kwa mzee Capulet. Hatumwoni akienda kwa Escalus, mtawala wa mji, ambaye asubuhi ya Jumapili alikuwa amewatishia wazee wote wawili adhabu ya kifo ikiwa amani itavunjwa tena. Anatumaini kwamba watoto wawili, wakiisha kuunganishwa gizani, watafanya kazi ambayo yeye aliyeungamisha nyumba zote mbili hakuithubutu mchana. Anayatumia maagano ya ndoa kuwa chombo cha jambo lingine, hata kama jambo hilo lingine ni jema.

Luther aliandika juu ya hatari zote mbili zilizomo katika kisa hiki. Mwaka 1524 aliwaandikia wazazi kwamba wasiwalazimishe watoto wao kuoa au kuolewa, wala wasiwazuie. Mwaka 1530, katika maandiko yake juu ya mambo ya ndoa, alipinga vikali uchumba wa siri, akitaka jambo hilo liwe wazi mbele ya wazazi na jamii. Kanisa la Roma nalo, katika mtaguso wa Trento mwaka 1563, liliamuru ndoa ifungwe mbele ya padre na mashahidi. Kwa hiyo matangazo ya ndoa tunayoyasoma ibadani Jumapili baada ya Jumapili, ambayo vijana wetu huyaona kama usumbufu wa karani wa usharika, yana historia ndefu ya machozi nyuma yake. (Shakespeare mwenyewe, tuseme kwa kupita tu, aliharakisha: mwezi wa Novemba 1582 alipewa kibali cha kuoa baada ya tangazo moja badala ya matatu, na mtoto wake wa kwanza alibatizwa Mei iliyofuata.) Mahubiri mengi juu ya Romeo na Juliet hukumbuka maandiko ya 1530 na kusahau yale ya 1524. Na mzee Capulet yuko ndani ya yale ya 1524 mzima mzima. Mwanzoni alikuwa baba wa kusifiwa: alimwambia Paris angoje miaka miwili na autafute moyo wa binti. Msiba wa Tybalt ndio uliombadilisha. Nyumba iliyofiwa ilitaka furaha ya haraka. Juliet alipokataa, baba alimwambia ajinyonge, aombe mitaani, afe kwa njaa. Mama akamgeuzia kisogo. Yaya aliyemnyonyesha akamshauri aolewe tu mara ya pili, kwa kuwa mume wa kwanza yuko mbali. Ndipo mtoto wa miaka 13 akaingia katika chumba cha mtawa akiwa na kisu mkononi, akisema atajiua asiposaidiwa.

Saa hiyo mchungaji yeyote angetetemeka. Lakini dakika chache kabla, katika chumba kilekile, alikuwa ameketi Paris, akieleza harusi yake ya Alhamisi. Ndugu Laurence alijua kwamba bibi arusi huyo ni mke wa mtu, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfungisha ndoa. Alisema tu kwamba mambo yanakwenda haraka na kwamba haipendi njia hiyo. Pembeni, kwa sauti ya chini, alitamani asingaliijua sababu ya kuizuia harusi. Paris, kijana asiye na kosa kubwa, akaondoka bila kuambiwa. Usiku wa mwisho akafa kwa kutojua.

Sasa tunafika mahali ambapo ndipo hasa tulikusudia makala haya yafike, yaani onyesho la tano la sehemu ya nne. Ni asubuhi ya Jumatano. Wapiga muziki wamekuja, chakula cha harusi kiko jikoni, na Juliet amekutwa kitandani bila uhai. Baba, mama, yaya na Paris wanalia, kila mmoja kwa zamu yake. Ndugu Laurence anaingia, na kama mtumishi wa Kanisa anawahubiria wafiwa. Anawaambia kwamba binti huyu alikuwa wao na wa mbinguni pia, na sasa mbingu imemtwaa yote. Kwamba walitaka apandishwe juu, na sasa amepanda juu kupita mawingu. Kwamba wakaushe machozi. Kisha anamaliza kwa onyo: mbingu imewakunjia uso kwa ajili ya uovu fulani, basi wasiichokoze zaidi kwa kupingana na mapenzi yake. Ni mahubiri mazuri. Kila mchungaji amewahi kuhubiri yanayofanana nayo. Na mhubiri anajua, neno kwa neno, kwamba si kweli. Binti yu hai. Kilichomlaza si mkono wa mbingu, bali dawa iliyotoka katika kikapu cha mhubiri.

Tunaomba msomaji asilipite onyesho hili haraka kama wafanyavyo waongoza michezo wengi, ambao hulipunguza kwa kuona kwamba kilio hicho ni cha bure maadamu watazamaji wanajua siri. Sisi twaona kwamba liko hapo kwa kusudi. Usiku wa mwisho, ndani ya kaburi, Juliet anapoamka na kumwuliza mume wake yuko wapi, Ndugu Laurence anajibu kwa lugha ileile: nguvu kubwa kuliko sisi, isiyopingika, imeyavunja makusudi yetu. Mara ya kwanza aliitaja mbingu akijua kuwa anadanganya. Mara ya pili huenda anaamini asemayo. Lakini sisi tulioyasikia mahubiri ya Jumatano tutajuaje tofauti? Mwandishi ameyaweka maneno makubwa ya majaliwa katika kinywa ambacho tumekwisha kukishuhudia kikiyatumia kama pazia. Tangu hapo kila mtu katika mchezo anaposema "nyota" au "mbingu" au "bahati", tunalazimika kuuliza ni tendo gani la mwanadamu lililo nyuma ya neno hilo. Bwana wetu, alipoutaja mnara wa Siloamu (Luka 13:4), hakukubali kuugeuza msiba kuwa hukumu juu ya wafu wala kuwapa waliobaki maelezo ya kuwatuliza. Ndugu Laurence alifanya yote mawili katika hotuba moja.

Na baada ya maneno hayo ya kaburini, akisikia walinzi wanakuja, anamwambia Juliet kwamba atampeleka kwa watawa wa kike, Juliet anakataa kutoka, naye anakimbia. Hili ndilo kosa lake zito kuliko yote. Anamwacha mtoto peke yake pamoja na maiti mbili na kisu.

Brooke, katika dibaji ya utenzi wake, aliwalaumu vijana kwa tamaa na kwa kutowatii wazazi, na watawa aliwalaumu kwa ushirikina, kama ilivyokuwa mtindo wa Waingereza wa wakati huo waliochukia mambo ya Roma. Ingalikuwa rahisi kwetu Walutheri kufurahia dibaji hiyo. Shakespeare hakuifuata. Mtawa wake anajua mimea, ana subira kwa vijana, anaaminiwa na pande zote mbili. Kwa hiyo hukumu juu yake haiwezi kugeuzwa kuwa hukumu juu ya madhehebu yake. Alikosa kama mchungaji mwema anavyoweza kukosa: alipenda amani kuliko alivyopenda ukweli, na aliogopa wazee wenye mali.

Wako wahubiri wanaokwenda mbali zaidi na kuona katika vifo hivi mfano wa msalaba, kwa kuwa damu ya watoto wasio na hatia iliwapatanisha maadui. Mzee Capulet mwenyewe anatoa nafasi ya kusema hivyo, maana anawaita dhabihu ya uadui wao. Sisi hatukubaliani na matumizi hayo. Hakuna aliyewatuma watoto hawa, wala hawakujitoa kwa ajili ya mtu yeyote. Waliuawa na deni la baba zao, jambo ambalo nabii Ezekieli katika sura ya 18 anasema lisisemwe tena katika Israeli. Tena upatanisho wenyewe tuutazame vizuri. Montague anaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu. Capulet anajibu kwamba ya Romeo nayo itakuwa vivyo hivyo. Wanashikana mikono, ni kweli, na hatutaki kuudharau mkono ulionyooshwa juu ya maiti. Ila masikio yetu yanasikia hapo bado watu wawili wanaoshindana mbele ya mji.

Ungamo la kweli limetoka kwingine. Mtawala Escalus anakiri kwamba kwa kufumbia macho ugomvi huo amepoteza jamaa zake wawili, Mercutio na Paris. Na kabla yake, Ndugu Laurence, aliyekamatwa na walinzi akitetemeka na kulia, sururu na beleshi mikononi, anasimama mbele ya watu wote na kueleza. Anaahidi kuwa mfupi, ahadi ambayo sisi wahubiri twaijua, kisha anasema mistari ipatayo 40. Samuel Johnson, katika toleo lake la 1765, alisikitika kwamba mwandishi aliumaliza mchezo kwa masimulizi ya mambo ambayo watazamaji wameyaona tayari, na tangu siku zake waongoza michezo wamekuwa wakiikata hotuba hiyo. Kwa heshima tunapingana naye. Watazamaji wanajua, lakini Verona haijui. Tangu Jumatatu hakuna mtu mmoja aliyesema hadharani kwamba Romeo na Juliet ni mume na mke. Mtawa anaisema ndoa, dawa, barua, na kukimbia kwake, nyota hazitajwi. Yako mabaki ya woga hata hapo, maana anasema aadhibiwe "ikiwa" kuna lililoharibika kwa kosa lake. Hata hivyo ni tangazo la ndoa, lililochelewa, linalosomwa mbele ya wazazi wote waliobaki. Mke wa Montague hayupo. Amekufa usiku huo kwa huzuni ya kufukuzwa kwa mwanawe.

Mtawala anajibu kwamba wamemjua mtawa huyu siku zote kuwa mtu mtakatifu, kisha anataka uthibitisho. Balthasar anatoa barua nyingine, ambayo Romeo alimpa usiku huo ili ampelekee baba yake. Kisa hiki kilianza kwa karatasi ya majina ya waalikwa, iliyosomwa na Romeo njiani kwa sababu mtumishi wa Capulet hakujua kusoma. Kikageuka kwa barua iliyofungiwa katika nyumba ya tauni. Sasa hii ya tatu imefika. Ndani yake mwana anamweleza baba mambo yote ambayo hakuweza kumwambia alipokuwa hai. Mtawala anainyosha mkono kuichukua, anaisoma, anatangaza kwamba inaafikiana na maneno ya mtawa. Montague amesimama hapo karibu. Hatuoni mahali popote, katika chapa yoyote ya zamani, ambapo anapewa barua hiyo aisome.